Rick wa Casablanca alifanya sawa kumpandisha Ilsa ndege na mumewe, au alimwonea?

FundiSimu_Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Pembeni narusha miziki na muvi kwenye flash na memori kadi, mia tano muvi moja, ukichukua tano ya sita bure. Wateja wangu wanataka za Kikorea, za Kihindi, na za mapigano zilizotafsiriwa. Sasa wiki mbili zilizopita akaja mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa heshima zake, havui kofia ya pama hata jua likishazama. Akaniambia, "Kijana, nitafutie Casablanca." Nikadhani ni baa mpya, anataka nimwelekeze.

Nikaitafuta, nikaipata. Nilipoifungua kuhakiki kama faili ni zima, vijana wa bodaboda waliokuwa wanachaji simu wakaanza: "Fundi, hiyo TV imekufa rangi!" Ni ya mwaka 1942, nyeusi na nyeupe, saa 1 na dakika 42. Nilipanga niangalie dakika tano tu. Nilifunga kibanda saa nne usiku bila kula, na mpaka leo nimeshairudia mara tatu. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kata, lakini ina maandishi chini, na pale yaliponipita nilisimamisha nikasoma taratibu.

Kwa ambao hawajaiona. Ni Desemba 1941, Casablanca, Moroko. Wajerumani wameiteka Ufaransa na watu wanaikimbia Ulaya. Njia yenyewe ni ndefu: Paris mpaka Marseille, wanavuka Mediterania mpaka Oran, wanakata pwani ya Afrika mpaka Casablanca, na pale wanatafuta viza ya kutoka ili wapande ndege ya Lisbon, na Lisbon ndiyo mlango wa Marekani. Wenye pesa au bahati wanapata. Wengine wanasubiri. Msimulizi wa mwanzo analisema hilo neno, halafu analirudia, analirudia tena. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia saa.

Maana hilo neno mtu wa mkoa huu haambiwi maana yake. Kambi yetu ya wakimbizi, Nyarugusu, ipo tangu 1996. Kuna waliozaliwa mle ambao sasa wana watoto wao.

Basi kuna Rick, Mmarekani mwenye baa, mtu mkavu, hakai na wateja, hanywi nao. Kuna Ilsa. Walipendana Paris mwaka 1940, na siku Wajerumani wanaingia walikubaliana wakutane stesheni wakimbie pamoja. Ilsa hakutokea. Alileta barua tu, na mvua ilikuwa inanyesha, wino ukatiririka Rick akiwa ameishika mkononi. Sasa yupo Casablanca, Ilsa anaingia baa yake, na mumewe! Mume anaitwa Victor Laszlo, mpinzani mkubwa wa Hitler, ambaye Ilsa aliambiwa amefia kwenye kambi ya mateso ya Wanazi. Kule Paris alijiona mjane. Siku ya safari ndipo akapata habari kwamba mume yu hai na ni mgonjwa, yuko mafichoni nje kidogo ya mji.

Na Rick mkononi ana hati mbili za safari ambazo hakuna askari wa kuzihoji. Mbili. Watu ni watatu.

Usiku mmoja Ilsa anamfuata Rick chumbani, anamtolea bastola azipate hizo hati, anashindwa, analia. Anamwambia hana tena nguvu ya kumkimbia mara ya pili, hajui tena lipi ni sawa lipi si sawa, kwa hiyo Rick afikirie kwa niaba yao wote. Rick anasema sawa, nitafikiri. Na akafikiri kweli. Ilsa alikwenda uwanja wa ndege akijua anayeondoka ni mume na yeye anabaki na Rick. Jamaa hakumwambia kitu mpaka wamefika uwanjani na ndege inasubiri, ndipo akasema majina ya kuandika kwenye hati ni Bwana na Bibi Laszlo.

Swali langu ndilo hilo. Mwanamke akikwambia "nifikirie", amekupa ruhusa ya kumwamulia maisha ukimya ukimya mpaka mlango wa ndege?

Naomba niseme na kwa nini nauliza, msije mkanishtukia baadaye. Kuanzia 2014 nilikuwa napeleka chaja, betri na kava za simu soko la pamoja pale Nyarugusu. Akaja binti mmoja na simu iliyoingia maji. Kwao Fizi, Kongo, aliingia Tanzania akiwa mgongoni kwa mama yake. Simu nikaikausha kwenye mchele, nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Alirudi kesho yake. Nikamwambia bado. Akarudi kesho yake tena. Hiyo simu ilipona mapema sana, ila nilichelewa kumwambia.

Miaka miwili hivyo. Halafu jina la familia yao likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo. Usaili, vipimo vya afya, darasa la namna ya kuishi kule, usaili tena. Familia ilikuwa na watu tisa kwenye faili moja. Akitoka mmoja, au akitangaza ndoa na mtu wa nje, watu walisema faili zima linarudi nyuma, na wazee wake walikuwa wameshasubiri miaka ishirini. Siku moja akaniuliza, tumekaa juu ya gogo tunakula mahindi ya kuchoma: "Nikimwambia baba ninabaki, wewe utasemaje?"

Nikamwambia nina mchumba Kibondo. Kwamba mahari imeshatolewa nusu. Wakuu, sikuwa na mchumba. Sikuwa hata na mbuzi.

Alinyamaza, akamaliza muhindi wake mpaka kwenye kigunzi, akaondoka. Waliondoka 2016. Leo nina mke na watoto wawili, maisha yanakwenda, sina ugonjwa wa moyo. Lakini nilipomuona Rick pale kwenye ukungu na lile koti lake la mvua, nilisema huyu jamaa namjua.

Naomba kuwasilisha.

---

Gadi_Mstaafu

Kijana, nimeisoma yote. Mimi nilikuwa gadi wa treni, nimepanda na kushuka Dar, Tabora, Kigoma mpaka magoti yamekataa. Hiyo filamu niliiona zamani, tena nusu, umeme ukakatika. Lakini sehemu ya stesheni ya Paris niliiona.

Ninyi mnamtazama Rick na barua. Mimi nilikuwa namtazama yule anayehimiza watu wapande. Gadi akishapuliza filimbi na kutoa bendera ya kijani, kazi yake imekwisha, haulizi nani amebaki chini. Mara ngapi nimeona mtu amening'inia mlangoni mwa behewa anatafuta sura moja katikati ya watu mia. Hapa kwetu ni mwisho wa reli, ilifika 1914 wakati wa Mjerumani, kwa hiyo anayeondoka Kigoma huondoka upande mmoja tu, hakuna kusema labda atapita tena akielekea mbele. Mbele ni ziwa.

Na yule mpiga piano, Sam, ndiye aliyempandisha Rick kwenye treni. Angekuwa peke yake angebaki amesimama pale na karatasi yake mpaka Wajerumani wamkute. Mnamsahau Sam. Kila aliyeachwa akaendelea kuishi alikuwa na Sam wake wa kumsukuma kwa mgongo.

Utani kidogo: ingekuwa treni ninazozijua mimi, Ilsa angepata muda wa kumuuguza mume, apike uji, amnyweshe, abadilishe nguo, na bado angemkuta Rick kwenye benchi anasubiri behewa la mwisho liungwe.

---

Abuu_Ujiji

Assalaam alaykum. Swali mmeliweka upande upande. Kabla ya kumuuliza Rick, muulizeni Ilsa: alikaa eda?

Msicheke. Mwanamke akifiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi. Huyu dada aliambiwa mume amekufa. Lini? Filamu inapita haraka, tunaona tu shampeni, gari la wazi na upepo kwenye nywele. Haya, tuseme si Mwislamu, sheria hiyo haimhusu. Bado ile eda ina hekima yake, kwamba habari ya kifo ipewe muda wa kuthibitika. Angetulia miezi minne, mume angetokea, na Rick angeondoka Paris na moyo wake mzima.

Pili, mume alipoonekana hai, ndoa ni ile ile. Kwa hiyo stesheni alifanya sawa kutokwenda. Na uwanja wa ndege Rick hakumpa mtu mke. Alirudisha amana. Mke wa mtu ni sumu, wazee wetu hawakulisema hilo kwa mapambo.

Kwa upande wako, fundi, binti hakuwa mke wa mtu. Kwa hiyo usijifananishe na Rick kabisa. Wewe ulikuwa na njia ya halali ya kwenda kwa baba yake na kikao cha wazee. Hukwenda.

---

FundiSimu_Mwanga

Abuu, waalaykumu salaam. Nimecheka kwenye eda mpaka mteja kadhani namcheka yeye. Lakini pale mwisho umenibana. Ni kweli sikwenda kwa baba yake. Nilimjua kwa sura, alikuwa anakaa nje ya nyumba na redio ya betri, anasikiliza habari za Kongo. Kila nilipopita nilimwamkia na yeye akanijibu vizuri tu. Ningemwambia nini, mzee naomba binti yako, na ukubali safari ya watu tisa ianze upya?

Mzee Gadi, shikamoo. Sam wangu alikuwa bosi wangu wa zamani, aliniambia niache kulia kwenye saketi za watu, chumvi inaharibu.

---

Mwl_wa_Tabora

Ndugu fundi, salamu kutoka Tabora. Nimefurahi kuona bado yupo mzee huko Kigoma anayeitafuta filamu hii. Nimeifundisha sana, si darasani, bali sebuleni kwangu kwa kila mgeni aliyekosa pa kukimbilia.

Kwanza, msimlaumu wala kumsifu Rick kupita kiasi. Wakati ule Hollywood ilikuwa na kanuni ya maadili, na kanuni hiyo isingekubali mke wa mtu amwache mume akaondoke na mwanamume mwingine, filamu ikaishia hapo kwa furaha. Kwa hiyo ndege ile ilikuwa na abiria wake hata kabla ya Rick kufikiri. Lakini wenye kuandika walikuwa bado wanahangaika namna ya kuufikia huo mwisho, kurasa zinaandikwa huku kamera zinazunguka. Ingrid Bergman, aliyecheza Ilsa, aliuliza hasa anampenda nani kati ya wawili hawa, hakupewa jibu la kueleweka, akaambiwa acheze katikati. Tazama uso wake tena ukilijua hilo. Yule hajui kweli.

Pili, fundi umeona jambo ambalo wengi huchukua miaka kuliona: kwamba ni filamu ya wakimbizi. Wengi waliomo ndani yake walikuwa wakimbizi wenyewe. Conrad Veidt, yule Meja Strasser wa Kinazi, aliondoka Ujerumani mwaka 1933, mke wake Myahudi, na huko Marekani kazi aliyopewa ikawa kuigiza watu wale wale waliomfukuza. Yule msichana Yvonne, anayelia wakati baa nzima inaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa kuzizima sauti za Wajerumani, ni Madeleine Lebeau, Mfaransa. Yeye na mumewe, Marcel Dalio, waliikimbia Paris mwaka 1940 wakapitia Lisbon. Lisbon hiyo hiyo. Mumewe yumo humo pia, ndiye Emil anayezungusha gurudumu la kamari. Yale machozi sidhani kama yalihitaji mwongozaji. Na mwongozaji mwenyewe, Michael Curtiz, alizaliwa Budapest.

Tatu, ya kuchekesha. Hakuna aliyetia mguu Moroko, filamu ilipigwa California. Ndege ya nyuma katika ile sehemu ya mwisho ni ya mbao na karatasi ngumu, ndogo, na mafundi wanaoizunguka ni watu wafupi waliochaguliwa makusudi ili ionekane kubwa. Ukungu ule ulikuwa wa kuficha aibu. Dooley Wilson, yaani Sam, alikuwa mpiga ngoma, piano hakuijua, vidole anavipitisha tu huku mwingine anapiga pembeni. Na Bergman alikuwa mrefu kuliko Humphrey Bogart, ikabidi Rick ainuliwe kidogo asionekane mdogo wake.

Hata zile hati mbili hazikuwahi kuwepo duniani, ni za kubuni. Hiyo ndiyo kasoro pekee inayoniuma, maana hadithi nzima imening'inia hapo. Lakini naona wewe huko haikukusumbua.

Nne, na hapa watanipiga mawe: Laszlo ananichosha. Anaongea kama mgeni rasmi.

---

FundiSimu_Mwanga

Mwalimu, haikunisumbua hata chembe. Karatasi moja kuamua nani apande na nani abaki, hilo kwangu halikuwa la kubuni.

Ila kuhusu ndege ya karatasi ngumu umeniharibia usingizi.

---

MwanaFizi_85

Kaka fundi, mie niko Nyarugusu bado. Nilikuja mutoto, sasa niko na watoto watatu. Hiyo filamu nimeiangalia jana na shemeji kwenye simu, tumegawana sikio moja moja ya spika.

Ninyi munaongea Rick na Ilsa. Sisi tulishikwa na wale bwana na bibi wadogo, wa Bulgaria. Yule bibi anamuuliza Rick, kama mwanamke anafanya jambo baya ili mume wake apate karatasi, na mume hajui, je, anaweza kusamehewa? Mkubwa wa polisi ndiye anataka hiyo bei. Shemeji yangu alisimamisha simu, akaenda kuchota maji, hakuna aliyemtuma maji. Alirudi tukaendelea. Halafu Rick anaenda kwa meza ya kamari, anamwambia yule bwana weka kwenye 22. Inatoka 22. Anamwambia acha hapo hapo. Inatoka 22 tena. Anamwambia chukua pesa, nenda, usirudi hapa. Kwangu Rick alikuwa mwema pale, kuliko kwenye ndege. Pale hakutafuta sifa kwa mutu.

Tunasubiri namna gani, nikuambie. Tante wangu ana valizi chini ya kitanda tangu 2015. Kila mwezi anaitoa, anakunja nguo upya, anatoa zilizowabana watoto, anaweka nyingine, anarudisha. Nguo ya mutoto wa kwanza imeshavaliwa na wa tatu, haijawahi kupanda basi.

Na wewe, nakuambia kwa upole. Hapa watu wameachana hivyo wengi. Wako waliobaki kwa sababu ya mapenzi na leo hawaongei na ndugu zao. Wako walioenda na wanapiga simu usiku wa manane wa kwao kuuliza mutu fulani ameoa? Usifikiri wewe uko peke yako. Lakini "mchumba wa Kibondo", aï kaka. Ungechagua mji wa mbali kidogo.

---

Dagaa_wa_Kibirizi

Nimeiangalia kwa bando la usiku ili nisije nikaropoka. Nauza dagaa Kibirizi, sina ualimu wala ushehe, ila nina swali kwa fundi.

Rick alidanganya, sawa. Alimdanganya nani?

Rudisha nyuma pale uwanjani, kabla hawajapanda. Anamgeukia mume, Ilsa akiwa hapo hapo, anamwambia mkeo alikuja kwangu usiku kwa ajili ya hizi hati, akajifanya bado ananipenda, lakini hayo yalishakwisha zamani, nami nikamwacha ajifanye. Huo ndio uongo. Amemdanganya Laszlo, ili mume aondoke na mke bila kinyongo. Na Laszlo si mjinga, anauelewa kuwa ni uongo na anaupokea hivyo hivyo kama mtu anayepokea chenji pungufu kwa jirani.

Lakini kwa Ilsa, dakika chache kabla, jamaa alisema ukweli wote. Kwamba usipopanda utajuta, labda si leo, labda si kesho. Kwamba Paris waliipoteza mpaka alipokuja Casablanca, na jana usiku wameipata tena. Ilsa alipanda ndege analia, lakini alipanda anajua alipendwa. Hata akizeeka huko Marekani na Laszlo anahutubia sebuleni, Paris ni yake, hakuna wa kumpokonya.

Sasa wewe. Wewe ulimdanganya Ilsa mwenyewe. Yule dada alipanda basi anajua miaka miwili alikuwa anachezewa na mume wa mtu wa Kibondo. Yale mahindi, ile simu iliyochelewa kupona, vyote uliviharibu kwa mdomo wako. Rick alimwachia Paris. Wewe hata lile gogo hukumwachia.

Siongezi. Wala sikutumi umtafute leo umwambie, mkeo hajakukosea kitu. Nimejibu ulichouliza. Rick hakumwonea.

---

Gadi_Mstaafu

Mama wa Kibirizi, bendera nyekundu umetoa katikati ya kilima.

---

Abuu_Ujiji

Dada umesema. Narudisha nusu ya maneno yangu, nusu ya eda inabaki.

---

FundiSimu_Mwanga

Nimekaa siku tatu bila kujibu, samahanini. Si hasira. Nilikuwa narudia ile sehemu.

Dada wa Kibirizi, nilijitetea kwanza, kichwani. Nikasema Ilsa alikuwa na mume pembeni wa kumshikilia, wangu asingeenda kama angejua ukweli. Halafu nikakumbuka jambo ambalo sikuliandika kule juu, maana niliona ni dogo.

Kabla hawajaondoka nilijaza memori kadi ya GB mbili. Nyimbo za Kikongo alizokuwa anazipenda, zote nilizokuwa nazo dukani na nyingine nilizihangaikia. Nikampa mdogo wake wa kiume, nikamwambia mpe dada. Nikamwambia pia asiseme imetoka kwangu. Yule dogo alikuwa na miaka kumi na moja. Sijui kama aliisema, sijui kama aliitoa, pengine aliipangusa akaweka gemu.

Alfajiri ya safari nilikwenda Makere nikasimama barabarani. Mabasi yalipita matatu, taa za ndani zimezimwa, vioo vimeingia mvuke wa pumzi za watu. Nilipungia la kwanza. Nilipungia la pili. La tatu nikajiona kama kichaa, lakini nikapungia. Mpaka leo sijui alikuwa kwenye lipi. Nilikuwa nimeamini miaka yote hii kuwa lile lilikuwa tendo la Rick. Sasa naona nilisimama tu barabarani.

MwanaFizi, msalimie tante. Mwambie fundi anasema ile valizi akiitoa mara nyingine azingatie zipu, zipu hufa kwa kukaa.

Mwalimu wangu wa kofia ya pama alikuja jana kuchukua flash. Nikamtoza mia tano, akanipa elfu moja, hakutaka chenji, akaniomba tu nimwonyeshe mwisho hapo hapo ahakikishe imeingia yote. Nikampa kiti. Tukakaa wawili mbele ya TV, kibanda kimejaa vijana wa bodaboda na chaja zao, mmoja akaanza tena na habari za rangi.

Mzee hakugeuka. Alivua kofia, nikamwona kichwa kwa mara ya kwanza, akaiweka magotini, akawaambia, "Kaeni kimya. Ndege inaondoka."